Kibao cha Mtani

Mjomba wangu alifika kwangu, mtaa wa Sofu hapa Kibaha, Jumanne asubuhi, kabeba mananasi matano kwenye kiroba. Ametoka Kisarawe alfajiri, viatu vimejaa vumbi, kofia yake ya kufuma ameivuta mpaka usoni kama mtu anayeogopa kutambuliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nataka kushitaki mtu."

Nilimkaribisha kitini, nikamtilia chai. Mimi ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, na huwa nasema hivyo kabla mtu hajafungua mdomo, maana hapa kwetu ukishaonekana na faili mkononi unaitwa wakili, na kesho yake wanakuuliza joho lako liko wapi. Nilipata mafunzo, nikapewa cheti, na siku mbili kwa wiki nakaa kwenye kibaraza cha ofisi ya mtaa huko Misugusugu nikiwaeleza watu haki zao na mlango wa kubisha hodi. Wengi huja na mambo ya mipaka ya viwanja, wengine talaka. Mjomba wangu hakuwahi kuja na jambo lolote. Ni mkulima wa mananasi, mtu wa msikitini, tena katika miaka ya karibuni alikuwa amepata sifa mbaya ya kiburi. Watu Kisarawe walisema ameota mapembe. Unamsalimia njiani, anapita kama hakukuona.

"Unamshitaki nani?"

"Yule Mnyamwezi seremala. Kanipiga kibao."

"Lini?"

Akanywa chai kwanza. "Msibani kwa mama mkwe."

Niliweka kikombe changu chini. Msiba wa mama mkwe wake niliuhudhuria mwenyewe. Ulikuwa umepita muda mrefu kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa wiki ile sasa anakimbia na kutukana.

Kibao chenyewe nilikiona, kama walivyokiona watu wote waliokuwapo. Ilikuwa siku ya hitima. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo ndugu hana: anaweza kuulalia mlango chakula kisitoke, anaweza kuiga kilio chako mpaka ukacheka huku machozi yanatiririka. Yule seremala, ambaye amehamia Kisarawe tangu ujana wake na kuoa huko huko, siku ile alitafuta khanga ya marehemu, akajifunga, akachukua na mkongojo wake, akaanza kuzunguka uani huku ameinama. Sauti ya marehemu aliipatia hasa.

"Wewe mkwe!" akamwambia mjomba mbele ya watu. "Paa langu linavuja tangu masika yale! Umesema kesho, kesho. Haya, nimehamia kwenye nyumba isiyovuja!"

Watu walivunjika mbavu. Mjomba naye alicheka, kisha akainuka kuivuta ile khanga. Ndipo mtani, akiwa bado ni mama mkwe, akamzaba kibao. Mkono wa seremala si mkono wa mchezo. Mjomba aliyumba, akashika nguzo ya turubai, watu wakazidi kucheka, na chakula kikaletwa. Mimi pia nilicheka. Sikujua zaidi ya hapo.

"Damu ilitoka sikioni," mjomba aliniambia sasa, akilishika sikio lake la kushoto. "Kesho yake nikaenda polisi kuchukua fomu ya PF3 ili nitibiwe. Hospitali wakasema ngoma ya sikio imechanika. Tangu siku ile upande huu nasikia kama mtu aliyeko ndani ya pipa."

"Mbona hukutuambia?"

"Niseme nini? Nimpeleke mtani mahakamani kwa jambo la msibani? Si wangenicheka mpaka kaburini? Askari aliniuliza kama nafungua kesi, nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Anajua mkeo mjomba peke yake."

Alimaanisha mke wake, ambaye sisi wapwa humwita mkaza mjomba. Mjomba akichanganyikiwa hugawa wake hovyo.

"Na sasa kimetokea nini?"

Akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. Ilikuwa barua ya posa. Mtoto wa kiume wa yule seremala anamtaka binti wa mjomba, binamu yangu, na barua imeandikwa vizuri, kwa heshima zote, na imefungwa ndani ya leso nyeupe.

"Nikimpa binti, nitakuwa nimekaa na mtu aliyeniziba sikio meza moja maisha yangu yote," alisema. "Na sokoni wameniambia kibao kikitimiza miaka mitatu kinakufa. Ni kweli au ni maneno ya sokoni?"

Nilifurahi kuulizwa swali ambalo jibu lake nalijua.

"Ni kweli nusu," nikamwambia. "Ziko njia mbili. Ya kwanza ni jinai: polisi wanapeleleza, Jamhuri inashitaki, mtu akipatikana na hatia anaadhibiwa. Kwa kosa kama hili huko hakuna miaka mitatu. Lakini ukikaa sana, mashahidi wanasahau, na hakimu atajiuliza ulikuwa wapi. Njia ya pili ni madai. Wewe mwenyewe unamdai fidia kwa madhara aliyokufanyia. Hiyo ndiyo yenye miaka mitatu, kuanzia siku uliyopigwa. Ikipita siku moja, mahakama inaifuta bila hata kuuliza kama sikio linauma."

"Hata kama kweli alinipiga?"

"Hata kama atasimama akiri."

Alitafakari. "Sheria haina subira."

"Ina miaka mitatu ya subira, mjomba. Wewe ndiye huna haraka."

Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu afike, akatoa kutoka ndani ya bahasha ile ile nakala ya PF3 iliyokunjwa mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Muhuri ulisomeka. Nikachukua kalenda ya ukutani, nikahesabu kwa kidole, nikarudia. Zilibaki siku kumi na saba.

Nilimpigia simu wakili mmoja anayejitolea kutusaidia. Akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu na bado nayatumia: "Tayarisha hati ya madai kwanza, halafu wapatane wakitaka. Mazungumzo hayasimamishi siku." Watu wengi huumia hapo. Mwenzako anakuambia subiri tuongee, unasubiri kwa moyo mweupe, mnakunywa soda, na siku mnayogombana tena muda wako umeshakwisha. Wakili akaahidi kuiandika hati mwenyewe nikimpelekea maelezo ya mashahidi.

Alhamisi nikaenda Kisarawe. Mkaza mjomba alinipokea na mihogo ya kuchemsha na nazi, akanipa ushahidi wake huku ameshika mwiko. Alikumbuka kila kitu, kuanzia damu iliyotia doa kwenye kanzu hadi jinsi mumewe alivyoanza kulala kwa ubavu wa kulia na kutosikia akiambiwa azime taa. "Mwaka wa kwanza nilidhani ananidharau," alisema. "Nikaacha kumsemesha siku nne. Hakugundua."

Shahidi wa pili alikuwa mwalimu wa madrasa, mzee mkweli kupita kiasi. Aliona mkono ukienda, aliona mjomba akiyumba, damu hakuiona. "Na andika kwamba nilicheka," akasisitiza. "Usinifiche."

Nilipokuwa naosha mikono nyuma ya nyumba, binamu yangu alikuja akasimama karibu, kajitanda khanga mpaka kidevuni. Ni msichana mwenye kujiweza. Ana cherehani yake na wateja wake, na si mtu wa kulialia. Siku ile macho yalikuwa mekundu.

"Dada, zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na tano."

"Si unaweza kuchelewa kidogo? Uugue mafua tu. Wiki mbili na siku moja, dada yangu, sikuombi mwaka."

Nisiseme uongo: nilipata kishawishi. Kijana wa seremala nilimfahamu, na nilimpenda. Ningeweza kupoteza karatasi moja tu, mambo yote yangeisha yenyewe, na harusi ningekula.

"Nikichelewa makusudi," nikamwambia, "nitakuwa nimempiga baba yako kibao cha pili, tena nyuma ya mgongo wake. Siwezi. Lakini hakuna aliyesema nisiende kwa mkweo kabla ya mahakamani."

Akanishika mkono wenye maji. "Nenda leo."

Niliporudi kibarazani nikamwambia mjomba wazi: hati itaandikwa, na siku moja kabla ya muda kwisha, asipobadili mawazo, itapelekwa mahakamani. Ila kabla ya hapo namwandikia mdaiwa barua ya kumjulisha, na nitaipeleka mwenyewe. Alikubali shingo upande.

Karakana ya seremala ilikuwa mtaa wa pili, chini ya bati, maranda yamejaa mpaka vifundoni. Alikuwa akipiga randa ubao wa mkongo. Aliponiona akaacha kazi.

"Karibu mtani! Leo umekuja kununua kitanda au kuiba misumari?"

"Shikamoo baba. Nimekuja na barua."

"Marahaba. Ya posa imejibiwa?" Uso wake ulichanua. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akavaa miwani iliyofungwa uzi, akaifungua. Alisoma mara moja. Akasoma tena, safari hii midomo ikicheza. Kisha akakaa juu ya ule ubao aliokuwa anaupiga randa.

"Sikio?" akasema.

"Sikio la kushoto. Ngoma ilichanika. Kuna karatasi ya hospitali."

"Mimi nilimchana?" Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza juu chini. "Wallahi sikujua. Mama, kaa. Kaa hapo." Nikakaa kwenye stuli ambayo haijapigwa msasa. "Wiki ile ile ya msiba nilimfuata. Moyo uliniambia mkono ulikuwa mzito. Nilimkuta anatoka msikitini, nikaenda ubavuni kwake nikamwambia, mtani, nisamehe, nilizidisha. Hakunijibu! Hakugeuka hata shingo. Nikasema sawa, bado ana hasira. Baada ya mwezi nikamkuta sokoni anapanga mananasi, nikainama nikamwambia tena. Anapanga mananasi tu. Mara ya tatu ilikuwa Idi. Baada ya hapo nikasema huyu mtu ana moyo wa jiwe, Mungu ndiye shahidi wangu."

"Ulikuwa unakaa upande gani ukimwambia?"

Alisimama. Akajifanya anatembea na mtu, akaweka mkono kwenye bega la hewa. Alikuwa upande wa kushoto.

"Mkono wangu wa kulia ndio wa kumshika bega," alisema polepole. "Kila mara nakaa kushoto kwake."

Tulitazamana. Sikutaka kucheka mbele ya mdaiwa, nikajikaza nikiangalia maranda. Yeye ndiye aliyeanza, kicheko cha chinichini, kisha akajiziba mdomo, na nilipomtazama vizuri machozi yalikuwa yanamtoka.

Alikuja siku ya pili baada ya swala ya alasiri, na mkewe na wazee wawili. Mjomba alikuwa kibarazani, kofia usoni. Nilikaa na daftari langu. Seremala akapanda ngazi, akasimama mbele yake.

"Mtani, sikio lako zima ni lipi?"

Mjomba akalionyesha. Seremala akazunguka kiti, akapiga magoti kwenye sakafu upande wa kulia, mtu mzima yule na magoti yanayolia kama bawaba, akasema kwa sauti ambayo nadhani walisikia hadi barabarani: "Nilikupiga! Nilizidisha! Nisamehe!"

"Usinipigie kelele, hilo linasikia," mjomba alisema.

Kisha mjomba akasema jambo ambalo hakuniambia kule kwangu Sofu, wala halikuwa kwenye maelezo ya shahidi yeyote.

"Paa lilikuwa linavuja kweli," alisema. "Yule mama aliniomba masika mawili. Nilikuwa na mabati nyumbani, nikayaezekea banda la mananasi. Ulivyolisema mbele ya watu, nikaona wote wanajua. Kibao hakikuniuma kama hilo."

"Mimi sikujua kama ni kweli," seremala akasema, bado kapiga magoti. "Nilibuni tu. Kila mama mkwe paa lake linavuja."

Mkaza mjomba, binti wa marehemu, alikuwa kasimama mlangoni. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Mama alikuwa akinung'unikia paa hata lilipokuwa jipya. Inuka hapo, baba, magoti yatakufa ganzi," akaingia ndani kuleta kahawa.

Niliwakumbusha kwamba siku zinahesabika, na msamaha wa mdomo hauzuii kalenda. Mjomba akasema sawa, tuandike. Tuliandika. Seremala alikubali kwamba alimpiga, na kwamba atagharamia matibabu ya sikio mpaka daktari aseme basi. Mjomba akakubali kutofungua madai kwa kibao kile. Wakili aliipitia, akarekebisha maneno mawili, na wakatia saini mbele ya mashahidi zikiwa zimebaki siku saba, tukiwa na nafasi ya kupumua. Hati ya madai niliiacha kwenye faili. Mjomba aliniomba aione, akaisoma yote, akasema imeandikwa kwa Kiswahili kizuri, inasikitisha haitatumika.

Hospitali tulienda watatu. Daktari, binti mdogo mwenye tochi kichwani, alichungulia sikio muda mrefu. Akachukua koleo jembamba, akamwambia mjomba asitikisike, akavuta. Kilichotoka kilikuwa kipande cha pamba, cheusi, kigumu kama mbegu ya ubuyu.

"Hii uliiweka wewe, babu?"

Mjomba alikumbuka. Baada ya matibabu ya kwanza alijitengenezea dawa yake ya mafuta ya nazi na pamba, na pamba nyingine aliitoa, nyingine alidhani aliitoa. Daktari akasafisha, akachungulia tena. Ngoma ilikuwa na kovu. Ilijifunga yenyewe, lakini si vizuri, na sehemu ya usikivu haitarudi. Kiasi kikubwa, hata hivyo, kilikuwa kimezibwa na pamba tu.

Mjomba alikaa kitandani akisikiliza feni ya darini. "Inapiga kelele hii," alisema kwa mshangao. Seremala akamsogelea kushoto, akanong'ona kitu ambacho sikukisikia. Mjomba akageuka akamsukuma kifuani.

"Mpumbavu mwenyewe!"

"Kasikia!" seremala akapiga makofi. "Daktari, kasikia! Sasa mimi ndiye ninayemdai. Kaninyima salamu kwa pamba yake mwenyewe, na miaka mitatu haijapita!"

Daktari alituomba tutoke nje kwa heshima.

Binamu yangu aliolewa baada ya mavuno. Kitanda alichotengeneza mkwewe kilikuwa kizito kiasi kwamba vijana sita walikibeba kwa zamu. Utani ulikuwapo, lakini ulikuwa wa maji na unga, na kila mtani alipoinua mkono, mwalimu wa madrasa alikohoa.

Ambalo sikulitegemea ni jinsi mjomba alivyogeuka mhubiri wa sheria. Sokoni, akipanga mananasi, anawaeleza wateja habari za ukomo wa madai. Mwanzoni alisema miaka mitatu. Baadaye, kwa kutaka watu wachangamke, akaanza kusema miezi mitatu, na nikapigiwa simu na watu wenye hofu kutoka vijiji nisivyovijua. Ilinibidi niende kumrekebisha hadharani. "Haya, mitatu ni mitatu," alijitetea, "mimi nawahimiza tu."

Kwa sababu yake, kibaraza changu cha Misugusugu sasa kinapata wageni kutoka Kisarawe. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja, mwembamba, kavaa miwani mikubwa na baibui safi. Alitaka kumshitaki dada yake. Dada alimpiga mchi wa kinu begani walipokuwa wasichana, kwa sababu ya ushanga, na bega huwa linamuuma kila masika.

Nilimweleza taratibu. Nilimwambia hata kama alikuwa mtoto wakati ule, siku zilianza kuhesabiwa alipotimiza miaka kumi na minane, na tangu hapo zimepita nyingi mno. Mahakama haiwezi kumsaidia kwa hilo. Alinisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa kwa adabu.

"Yuko hai?" nikamuuliza.

"Yupo. Anakaa Pangani hapa hapa Kibaha. Hajawahi kusema pole."

"Mnazungumza?"

"Kila siku. Lakini si hilo."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya baibui.

"Basi mwanangu, niandikie barua tu. Isiyo ya mahakama. Wewe andika, utie na tarehe, mimi nitampelekea asome."

Nikachukua karatasi safi. Alinitajia maneno pole pole, akianza na salamu, hali, watoto wa pande zote mbili, kisha ule mchi, kisha ushanga, ambao mpaka leo anaikumbuka rangi yake. Alipomaliza aliniomba nimsomee. Nilimsomea. Akasema neno "ulinipiga" niliandike tena kwa herufi kubwa kidogo, kwa kuwa dada yake haoni vizuri, akaikunja barua, akaitia mkobani, akaondoka kuelekea Pangani kwa miguu.